Kupanga Mizigo Nyuma ya Gari la Safari: Nini Kinunuliwe Kwanza, Nini Kiachwe Dukani

Wengi wanaotaka kujitengenezea sehemu ya mizigo kwenye gari la safari hukimbilia duka la mbao. Nawasihi wapite kwanza kwenye mlango wa gari lao wenyewe. Magari mengi yana kibandiko karibu na fremu ya mlango, au ukurasa kwenye kitabu chake, kinachotaja uzito wa juu kabisa ambao gari linaruhusiwa kuwa nao likiwa limesheheni. Toa uzito wa gari tupu, toa abiria, toa mafuta, toa maji (lita 40 ni kilo 40, hakuna ujanja). Kinachobaki ndicho kitakachogawanwa kati ya mizigo na hilo sanduku unalotaka kulijenga. Shiti moja ya plaiwudi ngumu ya milimita 18, ile ya mita 2.44 kwa 1.22, ina karibu kilo 35. Ya milimita 12 ina kilo 23 hivi. Mtu akijenga droo mbili kwa shiti mbili nene, akaongeza reli za kuvutia droo na friji, amekwisha kula sehemu kubwa ya haki yake kabla hajapakia hata sufuria.

Kwa hiyo orodha yangu ya njia nne za kujenga inapanga kwa uzito na usalama, kisha urahisi. Urembo sikuuhesabu.

Nafasi ya kwanza naipa makreti ya plastiki juu ya ubao mmoja. Najua yanaonekana duni ukiyalinganisha na droo zenye zulia, lakini kwa familia au watu wawili wanaosafiri mara kwa mara hakuna kinachoyashinda kwa fedha inayotoka. Chagua yenye pande zilizonyooka, maana yenye pande zilizoinama hupoteza nafasi chini. Kipimo cha sentimita 60 kwa 40 kinafaa kwa sababu makreti mengi ya viwandani yana ukubwa huo, na ya 40 kwa 30 hukaa mawili juu ya moja bila kuacha pengo. Ubao wa chini uwe plaiwudi ya milimita 12, ukatwe kwa kufuata kielelezo cha kadibodi ulichokipima ndani ya gari, na ufungwe kwenye pete za mizigo zilizokuja na gari. Juu yake tandika mpira usioteleza.

Kwenye mikanda ya kufungia mizigo, soma lebo. Mingi ina herufi LC, yaani nguvu ambayo mkanda unaruhusiwa kubeba, na namba yenye kipimo cha daN. Ichukue daN moja kama kilo moja ya mvuto na hutakosea sana. Mkanda wa racheti, ule unaokazwa kwa mpini wenye meno, una nguvu, lakini hubana hadi ukapasua kreti la plastiki, kwa hiyo kwa makreti nunua ule wenye kibano cha kawaida, unaokazwa kwa kuvuta kwa mkono. Racheti ibaki kwa friji na madumu ya maji. Kasoro ya mpango huu ni moja: unachokitaka kitakuwa kwenye kreti la chini.

Ya pili ni fremu ya plaiwudi yenye droo moja. Nasema moja. Upande wa pili uache wazi kwa vitu virefu au friji. Milimita 12 inatosha kwa kuta za droo ikiwa pembe zimepigwa gundi pamoja na skrubu. Milimita 15 iwe ya ubao wa juu, pale mtu atakapokalia.

Hapa pesa huishia kwenye reli, na hapa ndipo watu hudanganyika. Uwezo ulioandikwa kwenye reli kwa kawaida ni wa reli mbili kwa pamoja, zikiwa zimefungwa wima ubavuni mwa droo. Ukizilaza chini ya droo, uwezo huo hushuka sana. Nunua zenye kufuli la pande mbili, yaani zinazojifunga droo ikiwa ndani na pia ikiwa imetoka yote, la sivyo ukisimama mlimani droo itakurudia magotini. Reli nyingi za kawaida zinahitaji nafasi ya milimita 12.7 kila upande, nzito nyingi zinataka milimita 19. Droo ikizidi upana kwa milimita mbili inakwama, ikipungua inayumba. Ndiyo maana reli zinunuliwe kabla msumeno haujagusa ubao.

Vumbi ni adui mwingine. Gololi za reli zilizopakwa grisi hulikusanya na kuanza kusaga. Kwa droo fupi isiyozidi kilo 30, mimi napendelea kuacha reli kabisa na kuweka vipande vya plastiki ngumu inayoteleza, droo ikapita juu yake. Ni nyepesi, ni rahisi, na ukiifuta kwa kitambaa kazi imekwisha. Hakikisha tu umeweka kizuizi ili isitoke yote, na komeo imara mbele.

Alumini ya vipande vyenye mfereji, ile ya milimita 40 kwa 40, ni ya tatu. Haihitaji kulehemu na unaweza kuipanga upya ukibadilisha gari. Viungio vyake ndivyo ghali, na mtikisiko hulegeza bolti, hivyo gundi ya kuzuia nyuzi za bolti zisilegee si ya hiari. Penye bolti za chuma na unyevu, weka washa za plastiki, maana alumini ndiyo italiwa.

Chuma nimekiweka mwisho. Bomba la mraba la milimita 25 lenye unene wa milimita 2 lina kilo 1.4 hivi kwa kila mita, na fremu humaliza mita 20 bila kujitangaza. Ni la pikapu inayobeba jenereta na vifaa vizito.

MDF na chipubodi, yaani mbao zilizoshindiliwa kwa unga au vipande vya mbao, usinunue kabisa. Vikinywa maji vinavimba, na skrubu hazishiki tena.

Sasa kufunga, ambako sitaki mtu abane matumizi. Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, kila kitu ndani yake husukumwa mbele kwa nguvu ya takriban mara 20 ya uzito wake. Droo na mizigo ya kilo 60 hugeuka kuwa zaidi ya tani moja inayoelekea migongo ya waliokaa mbele yake, na mara nyingi hao ni watoto. Skrubu za mbao kwenye sakafu haziwezi kuzuia hilo. Tumia pete za kiwandani, au bolti za M8 (kipenyo cha milimita 8) zenye bamba pana la chuma chini ya sakafu, na nati zinazojikaza. Kabla ya kutoboa, ingia chini ya gari uone tangi, mabomba ya breki na nyaya zilipo. Nanga za mikanda ya usalama usiziguse. Wavu wa chuma nyuma ya viti uwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Na kabla ya kukata shiti, angalia jeki na tairi la akiba vinatokea wapi. Kama njia yake iko chini ya ubao, kata mlango hapo sasa, mkubwa kiasi cha kupitisha mkono na spana.