Kuta zinapumua, feni hailali

Mimi ni fundi uashi. Nikifika kwenye nyumba ya wageni napapasa ukuta kwanza, nywila ya intaneti baadaye. Hii ya zamani, ambayo sasa chini ni mgahawa na juu ni vyumba vya kulala, ilinikosha pale pale mapokezi: wamepiga lipu ya chokaa.

Wenye haraka wangepiga saruji. Tatizo ni kwamba msingi wa jengo la umri huu hauna tabaka la kuzuia maji, kwa hiyo unyevu hupanda ukutani kutoka ardhini. Chokaa huuacha utoke. Saruji huufungia ndani, na haipiti misimu mingi lipu inavimba, chumvi nyeupe inachomoza na rangi inabanduka. Nilipenyeza mkono nyuma ya kabati, mahali ambapo mafundi wavivu huficha madhambi yao. Pakavu kabisa.

Ua nao wameuheshimu. Zizi la farasi limekuwa ukumbi wa kulia, pete za kufungia wanyama zingalipo ukutani, na roshani za mbao zinauzunguka ua pande zote. Si jambo dogo hilo. The George Inn ya Southwark, London, nyumba ya wageni ya kale yenye roshani kama hizi, iliyojengwa upya mwaka 1677 baada ya moto, imebakiwa na upande mmoja tu. Pande nyingine zilibomolewa na kampuni ya reli.

Milango ya vyumba ni ile ile ya zamani, ila kwenye fremu wamechimbia ukanda mwembamba unaovimba ukipata joto ili kuziba moshi. Huo ndio ufundi: usalama umeingia, mlango haukutupwa.

Chakula? Kitamu, kinachelewa.

Walipokosea ni jikoni. Feni ya kutolea moshi wameifunga ukuta wa nyuma, chini ya madirisha ya vyumba. Inanguruma mpaka mteja wa mwisho aondoke, na ukifungua dirisha unakaribishwa na harufu ya mafuta ya kukaangia. Bomba lingepandishwa hadi juu ya paa, kwisha maneno. Aliyechora ramani ile, nadhani, hakupanga kulala humo.

Omba chumba kinachotazama uani. Mimi walinihamishia huko bila ubishi. Na mwenye magoti mabovu aseme mapema apewe chumba kisicho juu sana, maana lifti hakuna na vidato vya ngazi havilingani.