Vakyumu ya kuburuta: tazama kwanza inatolea wapi hewa

Julai hii nilinunua mashine ya kufyonza vumbi Mwanjelwa, hapa Mbeya, ile ya kuburuta kwa mpira, kwa shilingi 280,000. Kuvuta inavuta kweli. Lakini asubuhi ya kwanza, jua likiwa limepenya dirishani, niliona vumbi likiinuka nyuma yake kama moshi. Tundu la kutolea hewa liko ubavuni, vidole vitatu tu kutoka sakafuni. Mbele inafyonza, nyuma inapuliza. Kabla sijafika kwenye kochi, vumbi la uvunguni lilikuwa limeshahamia kwenye vitambaa vya meza.

Watu huulizia wati. Wati ni umeme inaokula, yaani yuniti zako za LUKU. Umoja wa Ulaya tangu 2017 hauruhusu mashine mpya za nyumbani kuzidi wati 900, na mazulia yao yanasafishika. Ulizia tundu. Vumbi letu la kiangazi ni laini kama poda, likipulizwa halitui hadi jioni. Nenda dukani na kipande cha toilet paper, mashine ikiwa inanguruma kizungushe pembeni mwake. Kikipeperuka usawa wa magurudumu, iache. Kikipeperuka juu, fungua uone chujio la hapo, maana sponji tupu halizuii vumbi laini.

Ya kwanza kwangu ni Henry, na sifichi kwamba naipenda. Ni ile nyekundu yenye uso unaotabasamu, ya kampuni ya Numatic, Uingereza. Mota imekaa kichwani, juu ya pipa, kwa hiyo hewa haitokei sakafuni. Inakula wati 620, na waya wake ni mita 10. Mwenye nyumba yenye soketi moja kila chumba anajua maana yake. Niliitumia siku tatu kwa dada yangu Gangilonga, Iringa. Jioni nikapitisha kidole kwenye meza ya kioo, kikatoka safi. Plagi yake ni ya pini tatu kama zetu, hivyo hata ya mtumba kutoka Uingereza unaichomeka tu. Mtumba wa Japani usiguse: umeme wao ni volti 100, wetu 230, utaiunguza siku hiyo hiyo.

Ya pili ni Miele ya Ujerumani. Mfuko wake wa vumbi hujifunga mdomo unapoutoa, ila bei inauma na mifuko huku ni ya kuagiza. Ya tatu ni zisizo na mfuko. Kikombe chake cha vumbi ukamwagie nje, upepo ukiwa mgongoni.

Za laki na nusu nimezikagua nne, zote tundu liko chini.

Kinachoniuma zaidi ni wauzaji. Nilipoomba ijaribiwe, muuzaji aliniambia, "Dada, ukifungua boksi umenunua." Soketi ilikuwepo ukutani, inachaji simu yake. Bei zikawa mbili, ya risiti na ya bila risiti, na juu yake elfu sitini ya "usafiri kutoka Dar", kwa boksi moja lililopanda lori lenye mamia ya maboksi. Nilipoirudisha alininyooshea kidole kibao: mali ikishauzwa hairudishwi.

Mwenye duka Mbeya anayekubali kuichomeka kabla hajapokea hela aniambie. Nitakuja na karatasi yangu.