Tathmini: Gundam RX-78-2 ya Entry Grade, seti ndogo inayojua kusimama

Kampuni ya Bandai ilipotoa mwaka 2020 seti hii ya kuunganisha roboti ya plastiki ya Gundam, shujaa wa katuni ya Kijapani, katika daraja lake la wanaoanza liitwalo Entry Grade, bei yake nchini Japani ilikuwa yeni 700 kabla ya kodi, na kwa bei hiyo mjenzi mzoefu angetarajia roboti ngumu inayoinua mikono, inayogeuza kichwa, basi. Sivyo ilivyo. Ukimaliza kuunganisha unapata roboti ya sentimita 12.5 hivi ambayo kiwiko chake hukunjika vizuri, goti lake hukunjika kwa kina, kiuno chake huzunguka, na kifundo cha mguu huinama upande kiasi cha kuuacha wayo wote ukigusa meza hata miguu ikitanuliwa. Ziko seti kubwa na ghali zaidi ninazozipenda kuliko hii, lakini kwa jambo moja mahususi, yaani kumfundisha mtu namna ya kuisimamisha roboti katika pozi linaloaminika, sijaona seti ya bei ya chini inayoikaribia. Kwa sababu hiyo nitakaa zaidi kwenye viungo na pozi kuliko kwenye ujenzi.

Ujenzi wenyewe ni mwepesi na hauhitaji maneno mengi. Vipande vyote huja vikiwa vimeshikamana na fremu za plastiki kwa vikonyo, na katika daraja hili vikonyo vimepunguzwa unene hata kipande kinang'oka kwa vidole bila koleo. Hakuna gundi, hakuna rangi ya kupaka, wala stika: macho ya manjano na kidevu chekundu ni vipande vya plastiki vyenye rangi yake tangu kiwandani, vinavyopachikwa ndani ya uso. Anayetaka kujua hatua hiyo ni kubwa kiasi gani aikumbuke seti ya kwanza ya roboti hiihii, kwa kipimo hikihiki cha 1/144 (yaani ndogo mara 144 kuliko roboti ya kwenye hadithi), iliyoingia sokoni Julai 1980 kwa yeni 300. Ile iliunganishwa kwa gundi, na rangi zake alipaswa kuzipaka mjenzi mwenyewe. Mtu asiye na haraka huimaliza seti ya sasa kwa muda wa saa moja hivi, na karatasi ya maelekezo ina michoro ya kutosha kumwongoza hata asiyesoma Kijapani.

Pamoja na hayo, sipendekezi kung'oa kwa vidole. Plastiki inayovutwa badala ya kukatwa huweza kubaki na doa jeupe pale ilipovutika, na doa hilo huonekana zaidi kwenye kifua cha buluu na tumbo jekundu kuliko kwenye miguu myeupe. Koleo dogo la kukatia linatosha kuondoa tatizo, mradi mkato uwe wa mara mbili: wa kwanza mbali na kipande, ili nguvu yote iishie kwenye kikonyo, na wa pili karibu na uso wa kipande. Kibaki kidogo kikisalia, msasa laini hukimaliza. Ukitaka kuitia roboti uhai zaidi, pitisha kalamu ya wino mwembamba kwenye mifereji midogo inayotenganisha mabamba ya mwili wake. Mimi hutumia wino wa kijivu kwenye sehemu nyeupe, kwa maana weusi mtupu juu ya weupe huigeuza roboti kuwa katuni. Wanaotumia rangi ya majimaji iliyochanganywa na kiyeyusho wasiimimine kwenye vipande vilivyobanwa tayari kwenye viungo, kwa kuwa plastiki iliyo katika mkazo ikinywa kiyeyusho hupasuka, na ufa wa namna hiyo mara nyingi hujitokeza baada ya rangi kukauka, mjenzi akiwa ameshasahau.

Sasa viungo. Katika seti nyingi za miaka iliyopita, viungo vilifanya kazi kwa vikombe laini vya polietilini vilivyofichwa ndani ya mabega, nyonga na magoti, ambavyo vilishika vizuri kwa sababu vilikuwa na unyumbufu. Seti hii haina vikombe hivyo. Plastiki ngumu inasuguana na plastiki ngumu. Faida yake ni kwamba vipande vimepungua na kiungo kinajibu papo hapo, bila ule mrudio mdogo unaokera wakati mkono umeshawekwa pale unapotaka. Hasara ni kwamba msuguano huo ndio unaoshika kila kitu, na msuguano hupungua kadiri roboti inavyochezewa. Dawa ipo na ni rahisi: kipe kigololi cha kiungo tabaka jembamba la vanishi angavu, kiache kikauke kabisa kikiwa nje ya tundu lake, kisha kirudishe. Asiyekuwa na subira ya kungoja asijaribu, maana vanishi mbichi ndani ya tundu ni gundi.

Kuhusu pozi, wengi huanza na mikono, wakaielekeza bunduki mbele, kisha wakashangaa kwa nini roboti inaonekana kama imetundikwa kwenye kamba. Roboti huanzia chini. Weka nyayo kwanza, moja mbele ya nyingine na zikielekea pande tofauti kidogo, halafu hakikisha kila wayo umelala bapa juu ya meza, kwa maana ukingo wa wayo ulioinuka hufichua papo hapo kwamba hiki ni kidude chepesi cha plastiki. Kisha amua uzito uko mguu gani. Mguu wenye uzito unyooke zaidi, mwingine ukunjike gotini. Nyonga iinuke upande wa mguu uliobeba, na mabega yainame kinyume chake. Kiuno kikigeuzwa kidogo upande mmoja na kichwa upande mwingine, mwili mzima hupata mpindo ule tunaouona kwa mtu aliyesimama akisubiri jambo, na hapo ndipo plastiki huanza kudanganya macho. Mikono huja mwisho, na viwiko visinyooshwe kabisa isipokuwa pozi lenyewe ladai hivyo.

Seti hii inaukubali utaratibu huo wote, jambo ambalo si la kawaida kwa bei yake. Mahali inapogoma ni kwenye nyonga, ambapo mabamba ya mbele humzuia anayetaka kuinua paja juu sana, na hilo ni tatizo la umbo la RX-78-2 yenyewe tangu lilipochorwa kwa ajili ya mfululizo wa televisheni wa mwaka 1979, kwa hiyo siwezi kuwalaumu sana wasanifu wa seti. Hata ile Gundam ya mita 18 iliyokuwa ikitembezwa viungo kule Yokohama kuanzia Desemba 2020 hadi Machi 2024 haikusimama kwa miguu yake. Ilishikiliwa kiunoni na mtambo uliokuwa nyuma yake. Ya sentimita 12.5 walau husimama peke yake, tena kwa mguu mmoja ukiwa na utulivu wa kuitafutia kitovu cha uzito.

Pozi mashuhuri kuliko yote ya roboti hii, lile la sehemu ya mwisho ya mfululizo, iliyoonyeshwa Januari 1980, linafanyika hapa bila shida: ng'oa kichwa, ng'oa mkono wa kushoto, kisha zungusha wa kulia kupitia mbele hadi bunduki ielekee mbinguni. Kinachoamua kama litapendeza ni magoti na mgongo, si mkono. Magoti yakibaki yamenyooka, unapata sanamu iliyovunjika. Yakilegezwa na kifua kikarudishwa nyuma, unaona mashine iliyochoka inayofyatua risasi yake ya mwisho.

Anayepiga picha akumbuke hesabu moja. Kwa kipimo cha 1/144, mtu wa mita 1.8 angekuwa na urefu wa milimita 12.5, sehemu ya kumi tu ya urefu wa roboti. Kamera ikishushwa hadi karibu na uso wa meza, kwenye usawa wa macho ya mtu huyo, ngao hufunika nusu ya anga na roboti hurudi kuwa jitu. Picha zinazopigwa kutoka juu, na ndizo zilizo nyingi, huipunguza ikawa kidude cha rafuni.

Kilichopungua kwenye sanduku kinaonekana upesi. Kuna bunduki na ngao, lakini panga za mwanga zinazong'aa hazimo, na viganja ni ngumi tupu, kwa hiyo mapozi yote ya upanga na ya mkono uliofunguka hayawezekani bila kutafuta vipande kwingine. Stendi ya kuiinua hewani nayo hununuliwa kando, na bila stendi pozi la kuruka hubaki ndoto. Kwangu mimi upungufu wa upanga ndio unaouma, kwa kuwa bega na kiuno vya seti hii vingeweza kabisa kuubeba mkato mrefu wa mikono miwili.

Je, nani asiinunue? Anayetafuta raha ya ujenzi mrefu ataimaliza kabla hajaanza kufurahi, na ni afadhali aende kwenye Master Grade, daraja lililoanza mwaka 1995 kwa kipimo cha 1/100, lenye fremu ya ndani inayojengwa kwanza kabla ya mabamba ya nje. Anayependa vitu vidogo vyenye mambo mengi ana Real Grade ya tangu 2010, ambayo hubaki kwenye 1/144 lakini husheheni vipande vya kuchosha macho, na hizo, kwa wingi wa mabamba yake madogo, hazipendi kushikwashikwa. Hii ya Entry Grade haina neno ikishikwa. Wenye watoto wanaoanza, na wajenzi wa siku nyingi ambao makabati yao yamejaa roboti zilizosimama wima kama askari kwenye gwaride, waichukue, wakiongezea koleo na stendi. Na wakiamua kuipuliza vanishi isiyong'aa ili kuua mng'aro wa plastiki, waitenganishe kwanza kwenye viungo, wasije wakavigandisha.