Losheni ya kuzuia jua niliyouziwa kutoka dirishani

Sikuwa na nia ya kuandika, lakini kila nikiiona shingo ya mwanangu hasira zinapanda upya.

Ana ualbino, ana miaka 8. Kwetu losheni ya kuzuia jua si kipodozi. Ile ya Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu kama yeye, ilituishia kabla ya siku ya kliniki. Nikakimbilia duka moja la dawa hapa Dodoma, nikatoa sh 38,000 kwa chupa ya SPF 50, yaani kipimo cha nguvu ya kukinga jua. Ilikaa kwenye rafu ya dirishani, jua la jioni linaipiga vilivyo. Nilipoishika ilikuwa ya moto. Nilipaswa kugutuka palepale!

Nyumbani nikaiminya: kwanza yakatoka maji ya njano, kisha mabonge, kama maziwa yaliyokatika. Nikatikisa sana, nikampaka nusu saa kabla hajatoka, pama kichwani, mikono mirefu. Shuleni kulikuwa na michezo. Mawingu yalikuwepo, ila mionzi hupenya mawingu. Alirudi shingo na masikio vimeiva. Usiku alilala kifudifudi, asubuhi malengelenge nyuma ya sikio.

Nikairudisha. Kijana wa kaunta hata kuifungua hakutaka. "Mama, ikishafunguliwa hatupokei." Nikamwambia, baba, weka tone moja tu kiganjani uone. Akamtupia jicho mtoto, akasema, "Kwani nyie si mnapewaga bure?"

Nyie. Mtoto yupo pale, anasikia.

Nilitaka kusema losheni yenyewe ni takataka, msinunue. Lakini mwaka juzi tulitumia aina hiyohiyo, kutoka duka jingine lenye kivuli, na ilimkinga vizuri: laini, nyeupe, tukimpaka tena kila baada ya saa mbili hapati hata wekundu. Joto ndilo lililoiharibu hii. Kwa hiyo losheni ni nzuri. Au niseme ilikuwa nzuri, maana leo hata kuigusa siwezi, na chupa ile ipo juu ya kabati kama ilivyo. Mkinunua, shikeni chupa kwanza. Ikiwa ya moto, iacheni hapohapo.

Duka lile sirudi hata wakinirudishia pesa. Juzi nilikwenda kununua nyingine, duka tofauti kabisa, muuzaji dada mpole. Mwanangu aligoma kuingia. Alisimama nje akinisubiri, juani.