Mafunzo ya kuendelea kwa OPJ hapa Lubumbashi: uzoefu wangu

Mimi ni OPJ, yaani afisa wa polisi anayechunguza makosa, kwenye komisariati moja ya hapa Lubumbashi, Kongo. Wenzangu wa komini za hapa mjini, Katuba, Kenya na Ruashi, wananiuliza kila tukikutana kama mafunzo niliyotoka kusoma yana faida. Yana faida, na kubwa kuliko nilivyotarajia, hasa siku ya daftari.

Siku hiyo mkufunzi alituwekea mezani daftari la kasho (mahabusu ya polisi) kama lile la kila kituo: jina, saa ya kuingia, sababu, saa ya kutoka. Akatoa kisa: mama muuza makala (makaa) ameletwa na jirani anayemdai pesa. Jazeni. Wengi wakaandika "kutumia vibaya uaminifu", kwa kuwa wadai hufika na maneno hayo tayari mdomoni. Mkufunzi akauliza: huyu mama alikabidhiwa kitu cha mtu ili akitunze, akakila? Au alikopa tu? Kama alikopa, hilo ni deni, na deni hupelekwa mahakama ya amani, kasho haihusiki. Tulibishana sana, maana kila mmoja wetu ana wadai wanaomgongea mlango asubuhi. Mabishano yale yalinijenga kuliko hotuba zote za ufunguzi.

Kisha saa 48, kikomo cha kumweka mtu kasho. Ibara ya 18 ya Katiba ya 2006 tunaijua sote kwa kichwa. Kazi iko kwenye kuhesabu. Aliyekamatwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, muda wake unaisha Jumapili saa ile ile: ama umemwachia, ama yuko mikononi mwa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Katiba haikuitoa wikiendi. Ibara hiyo hiyo inataka mtu aambiwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, basi tukafanya zoezi wawili wawili: PV, yaani maandishi rasmi ya polisi kuhusu kesi, iko kwa Kifaransa, wewe unamweleza mwenzako kwa Kiswahili. "Mama, umeletwa hapa kwa sababu papa huyu anasema…" Wengi walikwama hapo hapo, na ni vizuri walikwama darasani, si mbele ya mama mwenyewe.

Kuhusu ubakaji, sheria za 20 Julai 2006 zilirudiwa vizuri: OPJ anamjulisha mwendesha mashtaka ndani ya saa 24, na faini ya maelewano, ile ya kulipa ili kesi iishe bila mahakama, haikubaliki, hata familia mbili zikija zimeshapatana.

Wizi wa pesa kwa simu ulipitiwa mbio mbio, na hizo ndizo kesi zinazojaza meza zetu sasa. Hapo sikuridhika.

Linaloniuma zaidi ni kwamba ukishapewa cheti, hakuna anayerudi kuangalia daftari lako. Texas, Marekani, polisi mwenye leseni analazimika kutimiza saa 40 za masomo kila miezi 24. California ni saa 24 kwa miaka 2. Sisemi tuige kila kitu chao. Nasema masomo yawe na ratiba, na yamfikie pia polisi wa barabarani, maana ndiye wa kwanza kumshika mtu na ndiye asiyeitwa kamwe.

Ukiona jina lako kwenye orodha, nenda. Beba nakala za PV zako za kweli, majina yakiwa yamefutwa, umwombe mkufunzi azisome wakati wa mapumziko. Zangu alizisahihisha mstari kwa mstari.