TAHADHARI: "Mitende ya Madina" inayouzwa mitaani Tanga ni mitapo, na mbegu zake ni sumu

Ndugu zangu wa Tanga, kuna muuza miche anazunguka na guta, Sahare na Mikanjuni keshapita, anauza anachokiita "mitende mifupi ya Madina". Si mitende hata kidogo. Ni mitapo, mimea ya porini inayofanana na mitende kwa mbali, nayo imeng'olewa huko. Wenye watoto wadogo nyumbani, nawaomba msome mpaka mwisho.

Mmoja nimeukuta kwenye bustani ya mama jirani yetu. Aliahidiwa tende ndani ya miaka miwili, akaonjeshwa na tende zenyewe kutoka kwenye pakiti, akalipa laki moja na nusu kwa simu. Sasa ile namba haipatikani.

Kwa mbali utasema kweli ni mtende: shina fupi nene lenye makovu ya makuti ya zamani, na makuti yamechanua juu. Ushike ndipo utajua. Vijani vya ukuti wa mtende vimekunjwa katikati, kingo zikitazama juu, na kingo hizo hazina meno. Huu wa jirani vijani vyake ni vigumu, bapa, vina meno makali pembeni na ncha inayotoboa kidole. Halafu pale katikati, makuti yanapoanzia, limekaa koni la manjano mfano wa nanasi kubwa. Mtende hutoa karara, karara likapasuka, maua yakatoka, ndipo tende zikaning'inia kwa mashada. Mtapo hauna maua. Koni la jike likikomaa linaachana, zinadondoka mbegu zenye nyama nyekundu inayong'aa.

Hapo ndipo roho yangu inaposhtuka. Mtoto ameambiwa nyumbani kwao kuna mti wa tende, kisha anaokota tunda jekundu chini yake. Mnadhani atalipeleka wapi? Mbegu hizo zina sumu inayoharibu ini. Kutapika na maumivu ya tumbo vinaweza kuanza baada ya saa kadhaa, wakati watu wameshasahau mtoto alikula nini. Mbwa hufa kwa sumu hii, na mifugo pia hudhurika. Mtoto akimeza, mkimbizeni hospitali na mbegu mkononi ili daktari aione. Msimsubiri mpaka aumwe.

Najua wapo watakaosema wazee wa pwani waliula mtapo wakati wa njaa. Ni kweli, lakini waliukata vipande, wakaukausha, wakauloweka muda mrefu na kumwaga maji, ndipo wakasaga unga. Hakuna aliyeokota mbegu akatafuna.

Hata huo uongo wa miaka miwili haukubaliki. Mtende una dume na jike, na mche wa kokwa hauwezi kuujua ni upi mpaka utoe maua, jambo linalochukua miaka kadhaa. Anayetaka aina fulani ya tende hupanda chipukizi lililotolewa kwenye shina la mama yake. Tena tende zinataka hewa kavu zinapoiva, na sisi hapa tuna masika, vuli na unyevu wa bahari. Atakayewahakikishieni mavuno ya tende Tanga mjini, muulizeni shamba lake liko wapi mkalione.

Jambo jingine linaloniuma ni msitu. Mtapo hukua polepole sana. Shina linalofika kiunoni lina umri wa miaka mingi, hivyo aliyeleta mkubwa namna hiyo kwenye kiroba hakuuotesha yeye. Mitapo ya pwani yetu yenye koni za namna hii imo kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini kutoweka, na biashara yake ya kimataifa kutoka porini imepigwa marufuku.

Mliokwisha kununua, msiukate kwa hasira. Uzungushieni uzio, vaeni glavu mtoe koni kabla halijaachana, na okoteni kila mbegu iliyoanguka.

Akifika mlangoni kwenu, mwambieni awaonyeshe kibali cha misitu. Akianza kuzungusha maneno, mpigieni mwenyekiti wa mtaa pale pale, kabla guta halijaondoka.