Uzoefu Wangu: Ziara ya Kihistoria ya Chamba, Ufalme Mdogo wa Warajput Milimani Himalaya

Ninaipendekeza ziara hii kwa yeyote anayeipenda historia kwa dhati, ingawa ina kasoro mbili ambazo nitazieleza mahali pake. Niliifanya nikiwa na wanafunzi wenzangu wa Kiafrika tunaosoma Chandigarh, kupitia kampuni ndogo ya wenyeji. Bei ilijumuisha gari la kutupokea kituo cha treni cha Pathankot, malazi, viingilio na mwongozaji mmoja kwa safari nzima, ila chakula tulijilipia wenyewe. Chamba ni mji uliotulia juu ya mto Ravi, katika jimbo la Himachal Pradesh kaskazini mwa India, na kwa takriban miaka elfu moja ulikuwa makao ya wafalme wa Kirajput, yaani wa koo za watawala na wapiganaji wa Kihindu, ambao majina yao hayasikiki sana nje ya milima yao.

Kilichonifanya niandike ni mwongozaji wetu, mwalimu mstaafu ambaye sote tulimheshimu kwa umri wake. Kila alipoanza kusimulia, alitangulia kutuambia iwapo jambo hilo limeandikwa kwenye shaba au jiwe, au limepokewa tu kwa midomo ya wazee. Waongozaji wengi niliowahi kuwasikia huchanganya yote mawili, na mgeni huondoka asijue aamini lipi. Huyu alizipenda hadithi za kwao kuliko mtu yeyote, lakini hakukubali zikae kwenye kiti cha ushahidi.

Makumbusho ya Bhuri Singh ndiyo yaliyotuonyesha faida ya utaratibu huo. Yalifunguliwa mwaka 1908, baada ya Raja (yaani mfalme) Bhuri Singh kutoa hazina ya picha za familia yake ili ziwe mali ya kutazamwa na watu wote, na mtaalamu wa mambo ya kale Vogel alichangia sana katika kuyaanzisha. Humo mna mabamba ya shaba ambayo wafalme waliyatoa kila walipomgawia mtu ardhi, hasa Mabrahmani, watu wa tabaka la makuhani wa Kihindu. Bamba lilikuwa hati yenyewe. Liliandika jina la mfalme na la mpokeaji, mipaka ya shamba, na mwishoni laana kwa yeyote atakayeinyang'anya ardhi hiyo. Ya zamani yameandikwa kwa Kisanskriti katika mwandiko wa kale uitwao Sharada, nayo yalihifadhiwa na familia zilizopewa, kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa ndiyo yaliyothibitisha umiliki wao. Ndiyo maana ufalme huu mdogo una kumbukumbu ambazo falme kubwa zaidi za jirani zimezipoteza.

Kutokana na mabamba hayo tulimfahamu Raja Balabhadra, aliyeingia madarakani mwaka 1589 na kugawa ardhi kwa ukarimu uliopita kiasi hadi hazina ikatikisika, na mwanawe Janardan akamwondoa madarakani. Mwongozaji alitueleza habari hiyo taratibu, bila kumcheka mfalme yule. Nilishukuru, kwa sababu matokeo yake hayakuwa mepesi. Mwaka 1623 Jagat Singh, mtawala wa ufalme jirani wa Nurpur, alimuua Janardan, na Chamba ikakaa chini ya Nurpur kwa karibu miaka ishirini. Inasimuliwa kwamba mtoto wa marehemu, Prithvi Singh, aliokolewa akiwa mchanga na yaya wake aitwaye Batlo, akapelekwa mafichoni Mandi, ufalme mwingine wa milimani. Kwamba alirudi mwaka 1641, wakati Jagat Singh alipomwasi Shah Jahan, mfalme mkuu wa dola ya Mughal, na kutwaa kiti cha baba yake kwa msaada wa falme za Mandi na Suket, hilo ni historia. Alirudi kwa njia ngumu, akipitia Kullu na kuvuka milima mirefu hadi bonde la Pangi, kisha akaishukia Chamba kutoka upande wa kaskazini.

Mbele ya mahekalu ya Lakshmi Narayan tulikaa muda mrefu kuliko ratiba ilivyosema, na sikujutia. Ni mahekalu sita ya mawe yaliyopangwa kwa safu, mengine ya mungu Vishnu na mengine ya mungu Shiva, na juu ya minara yake kuna vifuniko vya mbao vilivyotandazwa kama miavuli kuikinga na theluji. Kubwa kati yake linahusishwa na Sahil Varman, mfalme aliyehamishia makao hapa mnamo mwaka 920. Mapokeo yanasema aliuita mji kwa jina la binti yake Champavati, na kwamba maji yalipogoma kupita katika mfereji uliochimbwa kutoka kijito cha Sarota, malkia alikubali kuzikwa akiwa hai ili maji yatiririke. Kila mwaka wanawake na watoto wa Chamba hupanda mlimani kwenye kihekalu chake, Sui Mata, kumwimbia. Hakuna bamba linalomtaja malkia huyo, na mwongozaji alilisema hilo wazi, kisha akanyamaza kidogo kwa heshima kabla ya kuendelea.

Hapo hapo alituonyesha vilele vilivyopakwa dhahabu. Mwaka 1678, kwa mujibu wa kumbukumbu za ufalme, Aurangzeb, mfalme mkuu Mwislamu wa dola ya Mughal, aliamuru mahekalu ya Chamba yabomolewe. Raja Chatar Singh hakubomoa chochote, bali aliongeza vilele hivyo vya dhahabu. Alipoitwa Delhi kujieleza, hakwenda mwenyewe. Naamini mazingira yalimsaidia, kwani kulileta jeshi kubwa juu ya Ravi kwa ajili ya ufalme mdogo kulikuwa gharama isiyo na faida.

Hata hivyo milima haikuwalinda wafalme hawa daima. Raj Singh, ambaye chini yake alihudumu mchoraji Nikka, mwana wa Nainsukh wa Guler, aliuawa huko Nerti mwaka 1794 akipigana na Sansar Chand wa Kangra juu ya eneo lenye rutuba la Rihlu. Baadaye, mkataba wa Amritsar wa mwaka 1846, kati ya Waingereza na Gulab Singh, uliiweka Chamba mikononi mwa Gulab Singh huyo, mtawala wa Jammu, na huo ungeweza kuwa mwisho wake. Waziri Bhaga alikwenda Lahore kumwona Henry Lawrence, mwakilishi wa Waingereza huko, akajadiliana mpaka Chamba ikabaki na mfalme wake, ikaachia madai yake juu ya eneo la Bhadrawah na kukubali kulipa kodi ya kila mwaka kwa Waingereza. Mfalme wakati huo, Sri Singh, alikuwa bado kijana mdogo. Kwa maoni yangu waziri huyu anastahili sanamu mjini kuliko wafalme kadhaa. Miaka michache baadaye, Waingereza walichukua pia eneo la vilima walikojenga Dalhousie. Ufalme uliendelea hadi tarehe 15 Aprili 1948, ulipoungana na falme nyingine za milimani kuunda Himachal Pradesh.

Sasa kasoro. Kasri la Akhand Chandi, lililoanzishwa na Umed Singh katika karne ya 18, lilitajwa katika maelezo ya ziara kana kwamba tungelizunguka ndani. Kwa kweli liligeuzwa kuwa chuo cha serikali, na tuliliona kutoka nje tu. Kampuni inajua hali hiyo na ingepaswa kuiandika mapema.

Kasoro ya pili iliniuma zaidi. Bharmour, makao ya kale ya ufalme kabla ya Sahil Varman, iko umbali wa kilomita zipatazo 60 kwa barabara nyembamba inayopinda juu ya magenge, na kampuni iliitengea muda mfupi mno. Humo mna sanamu za shaba njano zilizotengenezwa enzi za Meru Varman, mnamo mwaka 700, na fundi aitwaye Gugga. Kwenye kitako cha sanamu ya mungu wa kike Lakshana Devi maandishi yanamtaja mfalme pamoja na mababu zake, kisha yanamtaja fundi Gugga. Nilitaka kusimama mbele ya maandishi hayo kwa utulivu, maana ni nadra sana kumkuta fundi wa zama zile akiwa na jina, achilia mbali jina lililowekwa karibu na la mfalme wake. Tuliharakishwa kurudi garini. Chhatrari, iliko sanamu nyingine ya Gugga, ya Shakti Devi, ilirukwa kabisa ingawa ilikuwa kwenye ratiba, na hatukurudishiwa chochote.

Ushauri wangu kwa atakayeweka nafasi ni kuomba siku ya ziada upande wa Bharmour na kupata ahadi ya Chhatrari kwa maandishi. Aepuke pia miezi ya mvua, Julai hadi Septemba, kwani maporomoko hufunga barabara, na mahujaji waendao kwenye ziwa takatifu la Manimahesh huijaza Bharmour. Anayevutiwa na sherehe ya Minjar, inayofanyika katikati ya msimu huo kwenye uwanja wa nyasi wa Chaugan, apange kubaki Chamba mjini. Mapokeo yanaihusisha sherehe hiyo na ushindi wa mfalme wa karne ya 10 aliyelakiwa kwa mpunga na mahindi. Mwongozaji wetu ndiye aliyetukumbusha kuwa mahindi yalifika India kutoka Amerika karne nyingi baada ya Sahil Varman. Amwombe mwongozaji huyo huyo, na kama hapatikani, asogeze tarehe.